Barabara Inapitika

"Siendi," alisema Bwana Aflah. Alivua kofia yake ya viua akaiweka juu ya meza, na kwa watu wa nyumba ile hapo ndipo maneno yalipokuwa yakikatikia.

Mkewe, Bi Mahbuba, alikuwa keshavaa baibui, begi la hospitali begani. Ndani mlikuwa na blanketi na soksi nzito, maana chumba cha kusafishia damu kina baridi ya kugandisha. Ilikuwa Alhamisi. Figo za Bwana Aflah zilikuwa zimechoka tangu miaka miwili nyuma, na kila Jumapili, Jumanne na Alhamisi sharti alale saa nne nzima damu yake ikichujwa na mashine. Akikosa siku moja, miguu huvimba. Akikosa ya pili, pumzi hukatika. Ya tatu daktari hakuitaja, aliziangalia tu karatasi zake.

"Gari linangoja, Baba Mazoon."

"Linangoja wapi?"

"Mwisho wa Lami."

"Basi na lingoje huko huko kwenye lami. Mimi nipo huku kwenye mawe."

Mwisho wa Lami si jina lililoandikwa popote. Ni pale Amerat, huku Uarabuni, ambapo barabara nyeusi inayoshuka kutoka mtaa wa Yasmini, juu kilimani kwenye majumba ya wakubwa, hukoma ghafla, kana kwamba aliyekuwa akiimwaga aliitwa kwenda kula asirudi tena. Kutoka hapo hadi kwa Bwana Aflah ni hatua mia tano za mawe, mashimo na vumbi. Nyumba zenyewe ni nzuri, zina umeme na mageti ya chuma yenye nakshi. Wenyewe walipojenga waliambiwa lami iko njiani. Watoto waliozaliwa mwaka ule sasa wanaendesha magari juu ya mawe yale.

Kampuni iliyokuwa ikiwachukua wagonjwa ilipiga marufuku magari yake kutoka kwenye lami, tangu moja lilipovunjika ekseli ya magurudumu kwenye njia ya aina ile. Kwa hiyo Bi Mahbuba, mwanamke wa miaka sitini na moja mwenye magoti yake mwenyewe ya kumshughulisha, ndiye aliyekuwa akimsukuma mumewe kwenye kiti cha magurudumu hadi Mwisho wa Lami, na saa nane mchana akimrudisha. Jumanne iliyopita gurudumu la mbele lilizama kwenye shimo lililo mbele ya nyumba ya Bi Nasriya, shimo lililojaa maji yaliyovuja kwenye gari la maji, na Bwana Aflah akaenda kifudifudi. Basi la skuli lilikuwa limesimama pale pale. Mtoto mmoja alicheka, wengine wakamfuata. Bwana Aflah, aliyekaa miaka thelathini nyuma ya dirisha la posta watu wakimwamkia kwa jina, aliinuliwa na wanawake wawili, kanzu yake imegeuka rangi ya kahawa. Hakuumia. Hilo ndilo lililomuuma zaidi, maana hakuwa hata na jeraha la kuonyesha.

Simu ya Bi Mahbuba ililia. Alikuwa Nahashon, dereva, Mkenya mwenye sauti ya upole.

"Mama, mzee anakuja? Niko na wagonjwa wengine wawili hapa ndani, na AC leo haina nguvu."

"Ingia umchukue mlangoni, mwanangu. Leo tu."

"Mama, ingekuwa ni mimi, ningekuwa nimeingia kitambo. Lakini hii gari iko na tracker. Nikitoka kwa lami hivi, simu inalia. Mudir, bosi wangu, alishaniambia nikileta shida moja tu, khalas, tiketi ya Nairobi."

Bi Mahbuba alimshukuru akamwachia aende. Kisha akampigia Mazoon, mtoto wao wa pekee, karani katika ofisi moja kule Al Khoudh. Mazoon akaomba ruhusa, akaendesha gari mwendo wa karibu saa nzima, akamchukua baba yake, ambaye kwa binti yake hakuweza kusema siendi. Ilikuwa ruhusa ya nne mwezi ule.

"Mkubwa wangu kaniuliza," Mazoon alimwambia mama yake jikoni jioni ile, "kama nna baba mmoja au nnao watatu."

"Ukamjibu nini?"

"Nilicheka, Mama. Ningemjibu nini?"

Bi Mahbuba aliendelea kuosha kikombe ambacho kilikuwa kimeshatakata. Wakati huo huo simu ya Mazoon ilitoa mlio. Siku kumi nyuma alikuwa amepeleka malalamiko kwa wanaohusika na barabara, na sasa wamejibu: mkaguzi atafika Jumatatu saa nne asubuhi, tafadhali awepo mwenyeji wa kumpokea.

"Alhamdulillah," alisema Bi Mahbuba. "Tuna mgeni."

Na kwa neno hilo moja, mambo yakaanza kwenda kombo.

* * *

Kwa Bi Mahbuba mgeni ni mgeni. Hata msoma mita ya umeme hajapata kutoka kwake bila ya kikombe cha kahawa. Ijumaa baada ya sala alimwendea shoga yake Bi Nasriya, nyumba ya tatu.

"Nasriya, Jumatatu anakuja mgeni wa serikali. Atapita hapa mbele. Utamwacha apite kwenye mashimo yale?"

"Si ndiyo anayokuja kuyaona?"

"Atayaona. Lakini si kwa kuyatumbukia. Gari lake likivunjika mlangoni kwangu, uso wangu nitauweka wapi?"

Hapa ndipo mtu mwenye akili iliyotulia angetia neno. Lakini Bi Nasriya kalelewa vile vile: nyumba hufagiwa kabla ya mgeni, si baada yake, na kilichovunjika hupelekwa uani.

"Kweli," alisema. "Angalau lile kubwa."

Hilo "angalau lile kubwa" ndilo lililowaponza. Ukishalifukia kubwa, la pili linakuwa ndilo kubwa, na ukilifukia la pili, la tatu linakuona mwenye upendeleo. Msellem, mume wa Bi Nasriya, alikuwa mlinzi wa lango kule Yasmini, na alikuja na habari ambazo mtaa ulizisikiliza kwa midomo wazi.

"Wanaikwangua lami," alisema. "Ile ile, nzima, haina hata ufa. Wanaikwangua waweke nyingine."

"Ina kosa gani?"

"Imepauka, ati. Nimemuuliza msimamizi, hiyo mnayoikwangua mnaipeleka wapi? Kasema jaani. Nikamwambia, jaa lenyewe mimi nalijua, niachie nikupelekee."

Pikapu ya Msellem ilikwenda na kurudi siku mbili. Maganda ya lami ya Yasmini yalimwagwa kwenye mashimo, wanawake wakayasawazisha kwa reki, vijana wakamwagia maji, na Msellem akapita juu yake kwa pikapu mbele na nyuma hadi yakashikana. Walicheka sana siku zile mbili. Bi Mahbuba alipika pilau ya watu ishirini, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi watu wa mtaa ule walikula pamoja bila ya harusi wala msiba. Jumapili asubuhi kiti cha Bwana Aflah kilisukumwa hadi Mwisho wa Lami pasi na kutikisika, na yeye aliitazama ile njia nyeusi kulia na kushoto kama mtu aliyeonyeshwa posa nzuri.

Jumatatu saa tatu na nusu barabara ilifagiwa mara ya mwisho. Bi Nasriya alitaka hata kufukiza udi getini. Waliomkataza walikuwa wachache.

* * *

Mkaguzi alikuwa msichana wa miaka thelathini hivi, abaya safi, viatu vya kazi miguuni, kishikwambi mkononi. Gari lake liliteleza hadi mlangoni bila hata ya kukohoa. Alijitambulisha kwa jina la Hadeel, mhandisi, na alipowasikia wenyeji wakinong'ona kwa Kiswahili alitabasamu akawajibu kwa Kiswahili cha mtoto aliyelelewa na bibi, kitamu lakini chenye mapengo.

"Karibu, mwanangu, karibu ndani. Hujambo? Nyumbani hawajambo? Mama hajambo?"

"Hawajambo, khala, wote wazima," alisema, akimwita mama mdogo kwa Kiarabu. Alipiga picha mbili tatu, akaangalia huku, akaangalia kule. "Niambie, khala, shida ya barabara hii nini?"

Hapo swali lilikuwa limeshaulizwa, na jibu lilikuwa tayari, Bi Mahbuba alikuwa amelikariri tangu Ijumaa. Lakini mgeni hajaketi, hajanywa hata maji. Nani humwagia mgeni shida zake mlangoni?

"Shida hazikosi, mwanangu, lakini alhamdulillah, hatuna neno. Kaa kwanza, unywe kahawa."

Hadeel akakaa. Ikaja halwa, vikaja vitumbua, ikaja kahawa. Kwa hesabu ya Bi Mahbuba, kikombe cha kwanza ni salamu, cha pili ni kuulizana ukoo, cha tatu ndipo mtu anapoweza kusema kilichomleta. Katikati ya kikombe cha pili, walipokuwa wamegundua kwamba bibi yake Hadeel na mama yake Bi Mahbuba walisoma chuo kimoja cha Kurani kule Unguja, simu ya mhandisi ililia. Alisikiliza, akakitikisa kikombe kuonyesha ametosheka, akasimama.

"Niwieni radhi, khala, wananingoja kwengine. Mtaa wenu mzuri. Msafi. Ningekuwa na wakati ningekaa."

Akaenda, na gari lake halikurusha hata vumbi.

Bwana Aflah alikuwa chumbani, mlango umeegeshwa. "Umemwambia?" aliuliza.

"Nilikuwa nakaribia," alisema Bi Mahbuba.

* * *

Ripoti ilikuja Jumatano, na Mazoon akawasomea. Barabara inapitika. Hali yake ni ya kuridhisha. Hakuna hatua inayohitajika kwa sasa. Chini palikuwa na muhuri, na pembeni picha ya barabara yao, nyeusi, imefagiwa, imenyooka. Ilipendeza. Hata Bi Mahbuba alilikiri hilo.

Bwana Aflah alicheka. Alicheka hadi akakohoa, hadi ikabidi apewe maji yale machache aliyoruhusiwa. "Serikali haikukosa," alisema. "Mmemwandalia barabara, kaila, kashiba, kaondoka."

Bi Mahbuba hakuweza kucheka naye. Alikwenda uani akalia kidogo, kwa hasira zaidi kuliko huzuni, na hasira yenyewe ilikuwa juu ya nafsi yake. Maganda yale hayakuwa lami. Yangetawanyika. Mume wake angerudi kule kule, kwenye kiti na mashimo na watoto dirishani, na safari hiyo hata Mazoon asingeweza kumtoa. Alijua hivyo kama alivyojua jina lake.

Ni wakati anapangusa uso kwa mtandio ndipo alipowaza: kumbe ninayo karatasi.

Alhamisi alikwenda Mwisho wa Lami peke yake, bila ya kiti. Nahashon alishuka garini akiwa na wasiwasi. "Mama, mzee yuko sawa?"

"Mzima. Hebu soma hii, mwanangu."

"Mama, hii ni Kiarabu."

"Basi mpelekee mudir wako, asome yeye. Mwambie ni ya serikali, ina muhuri."

Nahashon aliipiga picha akaituma. Wakasimama juani wote wawili wakiitazama simu. Ndani ya gari mgonjwa mmoja aligonga kioo kuuliza kulikoni. Kisha jibu likaja, na Nahashon akalisikiliza mara mbili kuhakikisha.

"Anasema kama serikali imesema inapitika, basi inapitika. Gari ikivunjika, atawapelekea hiyo barua yao." Akacheka, meno yote nje. "Ingia, Mama. Leo utapanda na wewe."

Gari liliingia pole pole, likapita mbele ya nyumba ya Bi Nasriya aliyetoka na ungo mkononi asiamini, likasimama kwa Bwana Aflah. Mzee alikuwa kitandani, kaelekea ukutani. Alisikia injini. Alisikia mlango wa gari ukifunguliwa upande wa pili wa ukuta wake mwenyewe. Alikaa kitako, akaichukua kofia, akaivaa akiisawazisha kwa vidole viwili kama enzi za posta, na akatoka. Kutoka mlangoni hadi garini zilikuwa hatua tisa. Alizitembea kwa miguu yake, na mkewe nyuma yake alijihisi ana furaha ya kipumbavu, furaha ya mtu aliyeiba kitu kilichokuwa chake.

* * *

Wiki tatu waliishi hivyo, na zilikuwa wiki njema. Mazoon hakuomba ruhusa hata moja. Nahashon alizoea kupewa kitumbua dirishani. Kila Jumamosi jioni Msellem na vijana waliziba palipobomoka. Hata hivyo Mazoon alikuwa ameshakata rufaa dhidi ya ripoti, maana yeye alikuwa mtoto wa zama hizi na hakuona kwa nini watu waliolipa kama wengine wapite juu ya maganda ya wengine.

Jumapili ya wiki ya nne, alasiri, mvua ikanyesha. Haikuwa kubwa, lakini maji ya milimani hayaulizi. Yalishuka kwa kasi yakayabeba maganda yote ya Yasmini hadi wadini, kwenye mkondo wa bondeni, yakaacha mashimo mapana kuliko yale ya mwanzo. Na Jumatatu asubuhi, kwa bahati ya masikini, ujumbe ukaja: rufaa imekubaliwa, ukaguzi wa pili ni kesho Jumanne, saa tatu asubuhi.

Mtaa ulikusanyika kibarazani kwa Bi Mahbuba.

"Safari hii hakuna anayegusa jiwe," alisema Bi Nasriya. "Wala kahawa hapewi. Akitumbukia, atumbukie. Ndivyo atakavyoandika."

Wote waliafiki. Msellem peke yake aliutazama mlango wa chumba cha Bwana Aflah. "Na mzee? Gari lile haliwezi kupita hapa kesho."

Bwana Aflah alitoka na mkongojo wake. Alikuwa amesikia kila kitu. "Acheni mashimo," alisema. "Jumanne moja haimuui mtu."

"Nani kakwambia?" aliuliza Bi Mahbuba.

"Lami ikija mtapita nyote. Watoto wa skuli watapita, Mazoon atapita. Mimi nitakosa siku moja, basi. Kitu gani?"

Walimshukuru. Bi Nasriya alimbusu mkono kama anavyobusiwa kaka mkubwa, na Bwana Aflah alirudi chumbani kichwa juu. Bi Mahbuba aliona, na akaelewa: miaka miwili mumewe amekuwa mtu wa kubebwa, na leo kapata kitu cha kuwapa watu. Alimpenda kwa hilo kuliko alivyompenda zamani. Na akaamua kwamba hatamtii.

* * *

Jumanne saa kumi na mbili na nusu, jua ndiyo kwanza linachungulia nyuma ya majabali, Bi Mahbuba alitoka na sepeto. Alianza na lile kubwa, mbele ya nyumba ya Bi Nasriya. Alichota changarawe pembeni, akamimina, akashindilia kwa mguu. Madirisha yalifunguliwa. Kisha Bi Nasriya akatoka, kanga begani.

"Mahbuba, unatuharibia."

"Najua."

"Mtaa mzima, Mahbuba. Miaka yote hii. Muda wa saa mbili na nusu tu umebakia."

"Najua, Nasriya. Nisamehe. Miguu yake jana usiku ilikuwa hivi." Akaonyesha kwa mikono miwili.

Bi Nasriya alisimama akimtukana moyoni, kisha akamtukana kwa sauti, kisha akaingia ndani akatoka na ndoo. "Si kwa ajili yako," alisema. "Kwa ajili ya Aflah." Baada yake akaja Msellem na pikapu, na baada ya Msellem vijana, nyuso zimekunjamana. Safari hii hakuna aliyecheka. Kufika saa mbili na robo Nahashon aliweza kuingia, magurudumu mawili njiani na mawili ukingoni, huku akiomba Mungu kwa lugha yake.

Saa mbili na nusu Hadeel akafika, nusu saa kabla ya wakati. Alitokea Yasmini, kukagua lami mpya, na huko hakukuwa na la kukagua. Pikapu ya Msellem ilikuwa imeziba njia, kwa hiyo akaliacha gari Mwisho wa Lami akaja kwa miguu, akijikwaa. Alimkuta Bi Mahbuba ana vumbi hadi kwenye nyusi, sepeto mkononi, mtandio umeanguka shingoni.

Bi Mahbuba alitamani ardhi ipasuke. Mgeni kamkuta hivi, hana hata maji ya kumpa.

"Khala, mnafanya nini?"

"Tunafukia, mwanangu. Leo Jumanne, mume wangu anakwenda kusafishwa damu. Gari haliwezi kupita."

Hadeel aliyatazama mashimo yaliyokuwa bado hayajafikiwa, kisha yale yaliyofukiwa. "Na mara ile? Ile lami niliyoipiga picha?"

"Maganda ya Yasmini. Tuliyaokota."

"Kwa nini mlinificha?" Sauti yake ilikuwa na uchungu wa mtu aliyetiwa aibu kazini. "Mimi niliandika inapitika, khala. Kwa jina langu."

"Hatukukuficha. Tulikustahi. Mgeni haonyeshwi aibu ya nyumba."

Mhandisi aliifungua fomu kwenye kishikwambi chake, akaitazama, na wote waliona ilikuwa na visanduku viwili tu, inapitika na haipitiki. Hakutia alama popote. Akainua uso.

"Leo usinistahi, khala. Nionyeshe."

Bi Mahbuba katika umri wake wote hakupata kumwonyesha mgeni hata sufuria chafu. Alianza kwa sauti ndogo, macho chini. Hapa ndipo gari la Mazoon lilipotoboka chini likamwaga oili yote. Hapa basi la skuli hupita kwa upande mmoja, watoto wa dirishani hushikana. Hapa Bi Nasriya alimwaga ndoo nzima ya unga wa harusi. Bi Nasriya aliitikia kwa kichwa, na watu wengine wakaanza kusogea na wao kusema yao. Kisha wakafika kwenye shimo kubwa, lililofukiwa nusu, na Bi Mahbuba akasita.

"Na hapa?" aliuliza Hadeel.

"Hapa," alisema Bi Mahbuba, na asiweze kuendelea. Kwa sababu aibu ile haikuwa yake ya kutoa. Na kwa sababu gari la wagonjwa lilikuwa likija taratibu kutoka nyumbani, na mwenye aibu yake alikuwa kwenye kiti cha mbele, kioo wazi, kavaa kanzu nyeupe na kofia yake. Alikuwa amegombana na mkewe asubuhi ile kwa kumvunjia ahadi yake mbele ya watu, akapanda gari kwa hasira, bila ya kumuaga.

Gari likasimama, maana Hadeel alikuwa katikati ya njia. Bwana Aflah alimtazama msichana, akalitazama shimo, akamtazama mkewe mwenye vumbi usoni. Akafungua mlango. Nahashon alizunguka mbio kumshika kiwiko.

"Mzee, pole pole."

Bwana Aflah alishuka, akasimama ukingoni mwa shimo, mkongojo mbele.

"Hapa nilianguka mimi," alisema. "Kifudifudi. Maji ya matope yalinifika masikioni, na watoto wa skuli wote walikuwa dirishani wakicheka, na wake za watu ndio walioniinua. Andika."

Hadeel alikiacha kishikwambi, akatoa daftari kwenye mkoba. Aliandika kwa mkono, akiwa amesimama. "Jina lako kamili, baba?"

Bwana Aflah alilitaja. Alitaja lake, na la baba yake, na la babu yake, na la kabila, moja moja, kwa sauti ya nyuma ya dirisha la posta, na akangoja hadi kalamu iliposimama. Kisha akamgeukia Bi Mahbuba. Hakuomba radhi, hakuwa mtu wa hayo. Alimpangusa vumbi kwenye nyusi kwa ncha ya mkono wa kanzu yake nyeupe, pale pale mbele ya watu.

"Twende, mwanangu," alimwambia Nahashon. "Tumechelewa."

Msellem alikuwa ameshaisogeza pikapu; gari likapita kando ya shimo, likayumba, likashika njia ya Mwisho wa Lami. Hadeel alibaki akiandika. Bi Mahbuba, ambaye moyo wake ulikuwa mwepesi asijue la kuufanyia, alimwambia mgeni wake amsamehe, kahawa itakuwa baadaye, na akaliokota sepeto. Saa nane mumewe angerudi, na shimo lilikuwa bado nusu.